Matembezi ya sikukuu na watoto wadogo: Safari ipimwe kwa aliye dhaifu

Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita, baada ya Swala ya Ijumaa, kijana mmoja mkazi wa Bulyaga, hapa mjini Tukuyu, alitusubiri barazani mpaka watu walipotawanyika. Ni baba wa watoto watatu: wa kwanza ana miaka minne, wa pili ana miaka miwili na ushei, na wa tatu alikuwa bado ananyonya, miezi minane. Akasema: “Sheikh, nataka Idi hii niwapeleke wanangu Dar es Salaam, kwenye zile bustani za michezo. Fedha sina, lakini kuna watu wanaokopesha. Nimekuja kuuliza kama nina udhuru.”

Tulipomuuliza ni udhuru gani huo, alijibu kwa maneno ambayo hatujayasahau: “Mwanangu mkubwa aliulizwa na wenzake sikukuu yake ni ipi, akajibu Krismasi. Nilipomrekebisha, akaniuliza mbona Idi haina michezo.”

Kwa wasomaji walio mbali, ni vyema ikaeleweka kuwa katika wilaya yetu ya Rungwe Waislamu ni wachache. Majirani zetu Wakristo tunaishi nao kwa wema, na sikukuu zao huujaza mji mzima kwa nyimbo na mavazi mapya. Mtoto wa Kiislamu huyaona hayo yote. Ikiwa Idi yake ni kuamshwa alfajiri, kuogeshwa kwa maji ya baridi, kukalishwa kimya msikitini, kisha kula wali na kuambiwa akalale, tusishangae moyo wake ukienda kwingine. Kwa hiyo swali la kijana yule halikuwa dogo, nasi tumeona tulijibu hapa kwa manufaa ya familia zote.

MCHEZO NI HAKI YA MTOTO

Wako wazazi wanaodhani kuwa kumpeleka mtoto kwenye pembea ni upuuzi usiomfaa Muislamu. Fikra hii haina msingi. Imepokewa katika vitabu sahihi kuwa siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) ili atazame mpaka atosheke mwenyewe. Bibi Aisha huyo huyo ameeleza kuwa alikuwa na vikaragosi vya kuchezea, na kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaacha marafiki zake wakaja kucheza naye. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, aliyefuga kindege. Kindege kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimuuliza mtoto yule habari zake kwa upole na utani. Kiongozi wa umma mzima alipata wasaa wa kuulizia kindege cha mtoto!

Na katika Surat Yusuf (12:11-14) tunasimuliwa jinsi ndugu zake Nabii Yusuf walivyomwomba baba yao awaruhusu kwenda naye mbugani akafurahi na kucheza. Nabii Yaaqub (A.S.) hakuwaambia kuwa mchezo ni haramu, wala kwamba mtoto wa Nabii hachezi. Alichohofia ni kimoja: mbwa mwitu amle hali wao wameghafilika naye. Tuizingatie sana aya hii, kwani ndani yake mna mizani kamili ya matembezi ya watoto. Mchezo haukukatazwa, kilichoogopwa ni kughafilika kwa wale waliokabidhiwa mtoto.

KUGHAFILIKA NDIKO MBWA MWITU

Katika nchi yetu mbwa mwitu huyo amekwisha kula. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idil-Fitri, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora baada ya kusongamana ndani ya ukumbi wa starehe walimokwenda kucheza muziki. Waliaga nyumbani wakiwa na nguo mpya, na jioni walirudishwa wakiwa maiti. Hatulisemi hili kuwalaumu wafiwa, bali tunajiuliza sisi tuliobaki: ni wangapi kati yetu, siku ya Idi, humpa mtoto noti mkononi na kumwambia “nenda na wenzako”, bila kujua anakwenda wapi, na nani, na mlango wa kutokea uko wapi?

Katika siku zilizofuata Idil-Fitri ya mwaka 2011, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, meli ya Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama ikiwa na abiria wengi kupita uwezo wake, na familia nyingi zikateketea. Funzo ni lile lile. Chombo kilichojaa kupita kiasi, iwe ni meli, basi au bodaboda iliyobeba “mshikaki” wa mama na watoto watatu, hakigeuki kuwa salama kwa sababu leo ni sikukuu.

Nasi pia yametufika. Miaka mingi iliyopita tulimpeleka binti yetu wa miaka mitatu katika bustani moja ya matembezi jijini Dar es Salaam, siku ya pili ya Idi. Tulikutana na mwenzetu tuliyesoma naye, tukasimama kusalimiana na kukumbushana ya zamani. Tulipogeuka, mtoto hayupo. Tulimtafuta katika umati kwa muda ambao mtu angeswali rakaa nne, nasi hatujapata kuswali rakaa ndefu kuliko hizo. Tulimkuta kando ya bwawa, ameshikwa mkono na mama mmoja muuza ubuyu aliyemwona akiinama kuyatazama maji. Kosa halikuwa la bustani ile wala la mtoto. Lilikuwa letu, kwa kughafilika.

Maji hasa yanataka tahadhari. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wasiofikia miaka mitano. Mtoto mdogo hapigi kelele anapozama. Huenda chini kimya kimya, hata katika maji yanayomfika mtu mzima magotini. Kwa hiyo, penye maji, mtoto wa umri huu hatazamwi kutoka kwenye kiti. Awe karibu kiasi cha kufikiwa na mkono, na awe na mtu mmoja anayetajwa kwa jina kuwa ndiye mlinzi wake. Wakisema “sote tunamwangalia”, aghlabu hakuna anayemwangalia.

TUMPIME ALIYE DHAIFU

Uthman bin Abil-As (R.A.) alipoomba awe imamu wa watu wake, Mtume (S.A.W.) alimkubalia, kisha akamuusia aipime swala kwa kumtazama aliye dhaifu zaidi miongoni mwao. Naye mwenyewe (S.A.W.) alikuwa akianza swala kwa nia ya kuirefusha, akisikia mtoto analia, huifupisha kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa swala, ambayo ni nguzo ya dini, hupimwa kwa udhaifu wa mtoto na mama yake, itakuwaje safari ya kujifurahisha?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Safari ya watoto huipanga kwa vipimo vya watu wazima. Baba hupima kwa picha atakazowaonyesha wenzake, mjomba hupima kwa umbali wa mji, na mtoto mwenyewe hakuna aliyempima.

Tulimwomba kijana wetu tumpime yule wa miezi minane. Kutoka Tukuyu mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Unakwenda hadi Uyole, unaishika barabara kuu, unapita Makambako, Iringa, mlima Kitonga, Mikumi na Morogoro. Ni safari ya kutwa nzima, au ya usiku kucha, tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023. Mtoto wa miezi minane atakuwa mapajani mwa mama yake saa zote hizo, na siku mbili baadaye atarudishwa njia ile ile.

Kisha kuna hali ya hewa. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, ni mji wa baridi na mvua nyingi. Mtoto aliyezaliwa hapa akishushwa ghafla Pwani hukutana na joto asilolizoea, na hukutana na malaria katika mji wenye mbu wengi kuliko kwao. Anayesafiri naye na achukue chandarua chenye dawa, ampe maji safi ya kunywa mara kwa mara ikiwa ameshaanza kula, au amnyonyeshe zaidi ikiwa bado, na akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurejea, awahishwe kituo cha afya na mganga aelezwe kuwa alikwenda Pwani.

Tuje kwa yule wa miaka miwili. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri kuwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Mtoto asiyelala mchana bustanini atalia, na baba aliyelipa kiingilio atamkemea, na furaha yote itageuka ugomvi. Isitoshe, mashine kubwa katika bustani hizi huwekewa alama ya kimo, na mtoto asiyeifikia haruhusiwi kupanda. Kwa hiyo mwenye watoto wa umri huu hulipia mengi ambayo watoto wake watayatazama tu. Kitakachobaki kwao ni kidimbwi cha maji mafupi, pembea ndogo na mchanga, na vitu hivyo havimhitaji mtu avuke mikoa mitano.

Inafaa tukumbuke pia jinsi bustani za namna hii zilivyofikiriwa. Walt Disney, Mmarekani aliyefungua bustani ya Disneyland huko California mwaka 1955, alisimulia kuwa wazo lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi, akiwatazama binti zake wakizungushwa juu ya farasi wa mbao. Alijiuliza kwa nini pasiwe na mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Lakini sisi Waislamu tulikuwa na mfano huo karne nyingi kabla yake. Mtume wetu (S.A.W.) alirefusha sijda yake kwa sababu mjukuu wake alimpanda mgongoni, akachelea kumharakisha. Mgongo wa baba ndio pembea ya kwanza ya mtoto, nao hauna kiingilio.

AMA KUHUSU FEDHA

Tulimuuliza kijana: hao wanaokukopesha, wanataka nini? Akataja mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la “kausha damu”. Jina linatosha kuwa fatwa! Allah (S.W.) ametangaza vita dhidi ya wala riba katika Surat al-Baqara (2:278-279), na Mtume (S.A.W.) amemlaani mlaji wake, mlipaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake. Haifai kumfurahisha mtoto siku mbili kwa deni litakalomnyima maziwa miezi sita. Idi ni ibada, na ibada haijengwi juu ya maasi.

Hata mwenye fedha zake halali ameekewa mpaka. Katika Surat al-Furqan (25:67) waja wa Mwingi wa Rehema wanasifiwa kwa kutofanya israfu wala ubakhili, bali kushika njia ya kati. Njia ya kati katika jambo hili ni kwamba anayetaka kusafiri mwakani aanze kuweka akiba mwaka huu, baada ya kulisha nyumba, kulipa madeni na kuwakumbuka wazazi wake. Ikiwa kiasi hakitatimia, basi Allah amekwisha kumchagulia kubaki.

Kisha tukamuuliza swali ambalo hakulitarajia: “Mama watoto anasemaje?” Akanyamaza. Hakuwa amemuuliza. Ndugu Waislamu, Qur-ani imewataka mume na mke washauriane hata katika kumwachisha mtoto ziwa (2:233). Iweje basi mama huyo asishauriwe katika safari ambayo yeye ndiye atakayembeba mtoto, atakayenyonyesha ndani ya basi, na atakayetafuta pa kufulia nepi katika mji wa watu?

SWALA NA SITARA SAFARINI

Anayesafiri asiache dini nyumbani. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, kupunguza swala kunaruhusiwa katika safari ya marhala mbili, ambazo hukadiriwa kuwa kilomita 80 na kidogo. Kwa hiyo anayekwenda Mbeya mjini na kurudi, ambako ni kama kilomita 70, anaswali kamili. Anayekwenda Dar es Salaam hupunguza tangu anapoiacha mipaka ya mji wake, naye anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili tangu afike.

Asiianze safari siku ya Ijumaa baada ya alfajiri mtu ambaye Ijumaa imemwajibikia, isipokuwa akiwa na hakika ya kuipata njiani au akichelea madhara kwa kuchelewa. Mama achukue khanga safi ya kuswalia iliyofungwa peke yake. Mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na asiyekula ila maziwa hutosha kunyunyiziwa maji mpaka yaenee mahali ulipoingia, ama wa mtoto wa kike huoshwa. Wepesi huu uliwekwa kwa ajili ya walezi, basi tuutumie.

Katika bustani za maji wanaume na wanawake huchanganyika, na mavazi yanajulikana. Baba na mama wajue kuwa stara haina likizo. Wakiweza, wachague siku au saa ambayo umati haupo, wamwogeshe mtoto mahali penye nafasi, nao wabaki katika mavazi yao ya heshima. Siku ya Idi yenyewe ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa mtoto mdogo kupelekwa kwenye umati. Siku za Idi ni nyingi kwa mwenye kutaka. Na jua likikaribia kuzama, warudi. Tumeusiwa na Mtume (S.A.W.) tuwazuie watoto wetu ndani usiku unapoingia.

MPANGO TULIOUAFIKI

Baada ya kushauriana na mkewe, kijana alirudi wiki iliyofuata, na pamoja tukaafikiana haya. Dar es Salaam iahirishwe mpaka yule mdogo atimize miaka minne, na kopo la akiba lianze mwezi ule. Idi ya mwaka huo ifanyike Bulyaga. Afunge pembea mbili kwenye mti wa parachichi ulioko uani kwake, aalike watoto wa Waislamu wa mtaani pamoja na watoto wa majirani Wakristo, na yeye mwenyewe asimame pale kuwasukuma, asimwachie kijana mwingine. Watoto wapewe nguo zao na vitu vitamu baada tu ya kurudi kwenye swala, ili furaha hiyo waijue kuwa ni ya Idi, si ya siku nyingine.

Siku ya pili, ikiwa mvua haitanyesha, aende na familia Ziwa Masoko, ambako si mbali na Tukuyu. Watoke asubuhi baada ya chai, wawe na gari lenye nafasi ya kila mtu, wakae kwenye nyasi mbali na ukingo, kwani ziwa lile ni la shimo la volkano na kina chake si cha kuchezea. Baba amlinde wa miaka minne, shangazi amlinde wa miaka miwili, mama abaki na mchanga wake na apumzike. Mfukoni mwa kila mtoto iwekwe karatasi yenye namba ya simu ya baba. Waswali Adhuhuri, wale, na kabla watoto hawajachoka, warudi. Kurudi mapema mtoto angali anacheka ni bora kuliko kurudi jioni naye analia.

Kijana aliuliza kama hayo yanatosha kuitwa matembezi. Tulimwambia kuwa mtoto wa miaka minne hajui ramani. Yeye anajua kama baba yake alikuwepo au hakuwepo.

Ilipomalizika Idi alitupigia simu. Hakueleza mengi kuhusu ziwa wala pembea. Alisema jioni ile, alipokuwa akimfunika blanketi, mwanawe mkubwa alimuuliza: “Baba, Idi nyingine lini?”

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, awapende katika dini yao na aipendezeshe dini yao nyoyoni mwao, awalinde wanaposafiri na wanapobaki, na atuepushe sisi wazazi na kughafilika. Awarehemu watoto waliotangulia mbele ya haki katika sikukuu zilizopita, na awape subira wazazi wao.

Wabillahi tawfiq.